Waridi Mlangoni kwa Mama Angeline

Mama mkwe wangu, Angeline, alizaliwa Githongo, juu kwenye kahawa na baridi. Langoni kwao kulikuwa na mawaridi mekundu. Miaka arobaini iliyopita aliolewa huku chini Mbeere, kwenye jua, mbuzi na choroko tunazoziita ndengu. Kila tukienda Githongo kuwaona ndugu zake, husimama kwanza langoni ndipo aingie.

Mwaka huu nilimwagizia miche sita ya waridi kwa simu. Ilifika kama kifurushi, imefungwa kwa gazeti na nailoni. Haikuwa na majani. Ilikuwa vijiti na mizizi mitupu.

Baba mkwe, Mzee Nthiga, akakigeuza kimoja mkononi. "Mukami, umenunua kuni kwa simu?"

Mama hakucheka. Alipanda saa ile ile mbele ya mlango wake, jua likiwa utosini. Alitaka kuipa miche kitu bora, kwa hivyo alijaza mashimo mbolea mbichi ya mbuzi, ikitoka zizini. Kisha kila mchana akawa anainyunyizia kikombe kimoja cha maji.

Siku ya sita, vijiti vitatu vilikuwa vyeusi.

"Nilitaka niyaone mawaridi hapa kwangu, hata mara moja," Mama alisema. "Miche hii ikifa, siagizi tena."

Nikaenda kumwita jirani yetu, Ciakuthii. Alifanya kazi miaka tisa katika shamba la maua. Mimi hupenda kumtazama akiwa kazini. Hana haraka, na sijamwona akimcheka mtu asiyejua.

Alipofika alichuchumaa. Alikwaruza kila kijiti kwa ukucha, kidogo tu.

"Mama, tazama. Hiki ni kahawia ndani. Kimekufa. Na hiki?"

"Kijani," Mama akasema.

"Basi kiko hai. Uko na vitatu hai."

Akaingiza kidole kwenye udongo. Juu palikuwa na unyevu. Chini kidogo, vumbi.

"Maji yako yanaishia hapa. Mizizi iko chini, inangoja."

"Na mbolea je? Si niliweka nyingi?"

"Mbichi inaunguza mizizi. Wewe ukipewa chai inayochemka, utakunywa?"

"Huyu mzee wangu hunywa."

Hata Mzee Nthiga alicheka.

Tuling'oa vile vitatu hai polepole, tukaosha mizizi, tukavitia kwenye ndoo ya maji kivulini mpaka jua lipungue. Ciakuthii alipanua mashimo, akaondoa mbolea mbichi yote. Akachanganya udongo na mbolea ya zamani, ile iliyokaa mpaka ikawa laini na haina harufu. Alipopanda, alizungushia kila mche ukingo wa udongo kama sahani, maji yasikimbie. Akamwaga nusu ndoo, taratibu. Juu akatandaza maganda ya ndengu.

"Maganda yasiguse shina," alisema. "Acha nafasi ya kiganja, mchwa wasipande."

Mwisho alisimamisha fito na gunia upande wa jua la alasiri.

"Gunia likae wiki mbili. Mwagilia jioni, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Lakini kwanza ingiza kidole. Ukikuta unyevu chini, ngoja."

"Maji yetu yanabebwa na punda," Mama akasema.

"Ndiyo maana yasipotee. Kikombe cha mchana kinanywewa na jua. Nusu ndoo ya jioni inafika kwa mizizi. Na maji ya kusuuza mboga, usiyamwage njiani, yalete hapa."

Wiki ile upepo ulibeba gunia. Asubuhi nilikuta koti kuukuu la Mzee Nthiga limetundikwa kwenye fito.

Majani yalitoka, mekundu kwanza, kisha kijani. Matumba ya kwanza ya maua yalipotokea, Ciakuthii alisema yakatwe, nguvu irudi mizizini. Mama aliyakata yote.

Mwezi wa tatu tangu kupanda ukafika. Jumapili moja, kabla ya kanisa, Mama alifungua mlango akasimama hapo hapo. Waridi moja lilikuwa wazi, jekundu kama yale ya Githongo. Hakuligusa. Alinituma nimwite Ciakuthii, na hakukubali tuondoke mpaka Ciakuthii alipolichuma kwa mkono wake na kulichomeka kwenye kitambaa chake mwenyewe cha kichwa.

Tulipotoka kanisani, Mzee Nthiga alitembea kando yangu. Karibu na nyumbani akakohoa.

"Mukami, ile namba ya watu wa kuni unayo bado? Kuna mashimo matatu yanakaa bure."