Mchanga Ndani ya Gurudumu

Kengele ya shule ikilia alasiri, wenzake Mbodze walikimbilia makwao. Yeye aliingia vichochoro vya Mji wa Kale, akaambaa na kuta za mawe ya matumbawe mpaka karakana ya Mzee Abdulghafur, ambako mamake alifanya kazi. Hata kipofu asingeikosa karakana hiyo, kwani ngurumo yake ilisikika tangu kona ya msikiti.

Kilichonguruma ni mashine ya kung'arishia shaba. Ilikuwa mota iliyofungwa juu ya meza nzito, na kila upande wake palizunguka gurudumu. Gurudumu gumu lilikuwa la kuondoa weusi na madoa. Gurudumu laini, lililoshonwa kwa tabaka nyingi za kitambaa cha pamba na kupakwa nta, lilikuwa la mng'aro wa mwisho. Dele, lile birika la kahawa, liliingia hapo jeusi kama sufuria ya pilau, na likitoka, mtu angeweza kujitazama humo na kujipaka wanja.

Sakafuni, mbele ya mashine, Mzee alikuwa amechora mstari mwekundu.

"Ukiuvuka mstari huu mashine ikizunguka," alimwambia Mbodze siku ya kwanza, "mimi nawe tumekosana. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Na kweli hakuuvuka. Alikaa kwenye ngazi akifanya hesabu zake za darasa la sita, huku akimwangalia mamake, miwani ya kazi machoni, kitambaa puani, mikono mitupu bila bangili. Kila jioni mashine ilizimwa na plagi ikachomolewa. Mama alilifungua gurudumu laini na kumkabidhi Mbodze akaliweke ndani ya mfuko wake wa kitambaa cha marekani, kwenye rafu ya stoo. Kisha Mbodze alifagia, wakatoka pamoja.

Muhula mpya ulipoanza, kamba ya mkoba wa Mbodze wa shule ilikatika. Hakutaka kumsumbua mamake, ambaye alikuwa na mengi ya kufikiria. Basi akauchukua ule mfuko wa marekani, akatia vitabu vyake. Gurudumu akalitundika kwenye msumari ukutani. "Ni kitambaa tu," alijiambia. "Hata shati hutundikwa."

Mama alipoulizia mfuko, Mbodze alijibu, "Nimeupata karakanani," wala hilo halikuwa uongo. Ila halikuwa kweli yote.

Wiki hiyohiyo Mzee aliajiri mtu mpya. Jina lake Oloo, kijana mrefu mwenye maneno machache, aliyewahi kufanya kazi na mafundi wa bandarini. Na haikupita muda, balaa likaingia.

Lilianza na Bi. Zuwena, mwenye duka la leso Biashara Street. Alikuwa anamwoza bintiye, akaleta madele, masinia na vyetezo vya ubani ving'arishwe kwa ajili ya arusi. Alasiri moja akaingia na buibui lake likipepea kwa hasira, akaweka dele mezani: po!

"Mzee Abdulghafur, hili ni dele, au ni uso wa mtu aliyepigana na paka?"

Mzee alilisogeza kwenye mwanga wa mlango. Dele lilikuwa na mikwaruzo myembamba kila mahali, kama nywele.

"Niwie radhi, Bi. Zuwena. Nitalirudia kwa mkono wangu."

"Na hivyo vyombo vingine? Wageni wa kuumeni wanywe kahawa wakinicheka?"

Alipokwenda zake, Mzee alilirudisha dele mezani. Mzee aliwatazama Mama Mbodze na Oloo, akasema polepole, "Kabla ya muhula huu, chombo hakikurudi hapa hata kimoja. Mikono inayoshika mashine hii ni miwili. Mmoja waharibu. Nikiujua ni upi, mwenyewe atatafuta kazi pengine."

Mbodze, pale kwenye ngazi, aliacha hesabu zake. Kazi hiyo ndiyo iliyowaweka mjini yeye na mamake. Mama akifukuzwa, wangerudi kwa nyanya kijijini, na shule ingekuwaje?

Kesho yake alimweleza rafiki yake Jael, wakiwa njiani kutoka shule.

"Mikwaruzo ilianza lini?" Jael aliuliza.

"Huyo Oloo alipokuja."

"Basi wataka ushahidi gani tena? Kwa watu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu mgeni kaja, mwenyeji augue!" Jael alicheka, akaupiga mfuko wa Mbodze kofi. "Na wewe, leo umebeba vitabu au unga? Mfuko gani huo wanuka nta?"

Mbodze hakucheka. Maneno ya Jael yalikuwa yamemwingia kama mwiba. Tangu siku hiyo akawa jicho lake haliko daftarini, liko kwa Oloo.

Na mtu ukimtafutia ubaya, hukosi kuuona. Alimwona Oloo akiinama na kulitazama gurudumu laini kwa muda mrefu mno. Alimwona akilinusa! Alimwona akigeuza mgongo kila Mzee alipopita, kama anayeficha kitu. Hata salamu zake alianza kuzishuku. Kwa nini amwamkie mtoto kwa upole hivyo, kama si kutaka kumziba macho?

Siku moja alipofika mlangoni alimwona Oloo amemkamata mamake kwa nyuma, anamvuta.

"Mwache mamangu!" Mbodze alipiga kelele.

Mashine ilikuwa tayari imezimwa. Mama alikuwa anahema. "Nyamaza, mwanangu. Leso niliyojifunga kiunoni ilikuwa imelegea, ncha yake ikaelekea kwenye gurudumu. Ingeshikwa, ingenivuta nayo. Kaka Oloo ameniwahi."

"Mashine haijui leso wala nyama, dada," Oloo alisema. "Inavuta tu." Kisha akamtazama Mbodze. "Hujambo, mdogo wangu?"

Mbodze aliitikia huku ameangalia chini. Moyoni alisema, Mama ni mwema kupita kiasi. Anayetaka kuchukua nafasi ya mtu ataanza kwa kujifanya mwokozi.

Mama alitoa ile leso, akaikunja na kuiweka mbali. Tangu hapo alivaa aproni iliyofungwa nyuma.

Siku mbili baadaye Mbodze alipata alichokuwa akikitafuta. Mama alikuwa uani akiosha masinia. Mashine ilikuwa imezimwa, plagi imening'inia. Oloo, akidhani yuko peke yake, alitoa kitana cha zamani mfukoni, akaanza kuchana tabaka za gurudumu laini. Chini alikuwa ametandaza kipande cha gazeti. Alipomaliza alikunja gazeti kwa uangalifu, akalificha nyuma ya kopo la nta.

Mbodze alingoja mpaka Oloo akatoka. Akalifungua lile gazeti. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe.

Alikimbia nalo moja kwa moja kwa Mzee, aliyekuwa kwenye baraza na kikombe chake cha kahawa.

"Mzee, nimemwona kwa macho yangu! Mjomba Oloo anatia mchanga kwenye gurudumu!"

Mzee aliweka kikombe chini. Akasugua punje chache kati ya vidole vyake. Uso ulimbadilika. Akawaita wote ndani.

"Yakhe Oloo, hiki ni nini?"

"Ni mchanga, Mzee."

"Wakiri!"

"Nakiri ni mchanga. Lakini sikuutia. Nimeutoa. Mchanga ukiingia kwenye tabaka za gurudumu, ndio unaokwaruza shaba. Kila siku nautoa, na kila siku naukuta tena. Nilikuwa nauweka nijue unatoka wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Oloo alisita. Macho yake yakamwendea Mama Mbodze, yakarudi chini. 

"Mwenye haki hasiti," Mzee alisema kwa uchungu. "Na mimi nilikupokea kama mwanangu. Nenda, Oloo. Kesho usije."

Oloo alivua aproni, akaitundika. Akakiweka kitana juu ya meza. "Masalkheri, Mzee. Masalkheri, Mama Mbodze." Akatoka.

"Mbodze," Mama alisema kwa sauti ya chini, "una hakika ulimwona akiutia? Au ulimwona tu na mchanga?"

"Si ni mamoja, Mama?"

"Si mamoja hata kidogo." Mama akampa gurudumu laini, kama kawaida. "Haya, kaliweke."

Mbodze aliingia stoo akijaribu kufurahi. Adui ameondoka, Mama amesalimika. Mbona basi furaha yenyewe haiji? Akainua gurudumu, akalisukuma kwenye msumari.

Kriii.

Lilikuwa jambo dogo. Msumari ulitikisika, na chokaa ya zamani ikamomonyoka ukutani. Mchanga mweupe ukamwagika juu ya gurudumu, ukapotea katikati ya tabaka za pamba.

Mbodze aliganda mkono uko juu. Alilitoa gurudumu, akalitazama. Akautazama ukuta, uliokuwa umechimbika kidogo chini ya msumari. Akaugusa mfuko wake wa vitabu, wa marekani nene, uliokuwa na kamba ya kufunga mdomo ili hata vumbi lisipite.

Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, mambo yamekwisha. Akisema, Mzee atamwambia nini mamake? Mtoto ni wake. Huenda hata kesho wakafunga virago.

Alisimama pale gizani, na kilichomjia si uso wa Mzee, bali Oloo akikiweka kitana mezani bila kumsuta mtu. Mbodze akavifunga vitabu vyake kwa kamba ya mfuko, akautwaa ule mfuko mtupu, akatoka stoo akilia.

"Mama. Mzee. Mchanga ni wangu mimi."

Walikwenda stoo wote watatu. Mzee aligonga ukuta kwa kidole, na chokaa ikamwagika. 

"Nimekuwa nikiliona gurudumu msumarini kila asubuhi," alisema. "Nikadhani ni mtindo wako, Mama Mbodze."

"Lo! Na mimi nimekuwa nikiliona, Mzee. Nikadhani ni agizo lako."

"Wala hatukuulizana!" Mzee alijipiga paji la uso. "Wanifukuze mimi kwanza. Oloo anaishi wapi?"

"Ana shemeji yake Liwatoni, hutengeneza injini za boti," Mama alijibu. Kisha akamgeukia Mbodze. "Twende. Ulimi uliomtoa ndio utakaomrudisha."

Walimkuta Oloo amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, akimshikia shemeji yake taa. Mbodze alijongea.

"Mjomba Oloo, nisamehe. Mchanga ulitoka ukutani. Ni mimi niliyelitundika gurudumu, kwa kuwa nilichukua mfuko wake nikatilia vitabu. Na nilikusema kabla ya kukuuliza."

Oloo alimtazama, halafu ghafla akacheka, kicheko ambacho Mbodze hakuwahi kukisikia.

"Ukuta! Nimenusa gurudumu, nimenusa nta, nimenusa mpaka ndoo ya maji. Ukuta sikuunusa!" Kisha akatulia. "Hata mimi niombe radhi. Mama Mbodze, nilikuwa nakushuku wewe."

"Mimi?"

"Nilidhani hutaki mtu mpya, waniharibia kazi nifukuzwe. Ndiyo maana sikusema. Ningesemaje mbele ya Mzee?"

Mama alishika kiuno, akaangua kicheko. "Salaala! Kumbe sote tulikuwa twachungana kama paka na mwenye samaki!"

Jumamosi asubuhi karakana ilifunguliwa mapema. Oloo alikuwa wa kwanza kufika. Gurudumu lililokula mchanga halikurudishwa kwenye kazi ya mng'aro. Mzee aliamua liwe la kusugulia bawaba za milango. Wakashona jipya. Kabla ya kulifunga, Oloo alihakikisha plagi imechomolewa, akakaza nati, akalizungusha kwa mkono aone kama halipepesuki. Mama alikusanya nywele zake zote ndani ya kilemba. Dele la Bi. Zuwena likashikwa kwa uthabiti, chini kidogo ya katikati ya gurudumu, ili likiponyoka lisirushwe usoni.

Mbodze alitazama akiwa nyuma ya mstari mwekundu, sindano mkononi. Alikuwa akimalizia mfuko mpya wa gurudumu. Mama alikuwa amemkatia kile kipande cha leso iliyokaribia kumponza, kipande chenye maandishi.

"Lete tuuone," Mzee alisema mashine ilipozimwa. Akaukunjua, akamrudishia. "Macho yangu hayafai. Nisomee leso yasemaje."

Mbodze alisoma kwa sauti: "UKINISHUKU NIULIZE."

Mzee alitikisa kichwa polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Mashine hii ina nguvu, lakini mchanga kidogo waiharibia kazi usipoitunza. Kila chombo kina mahali pake, na mahali pake ni sehemu ya kazi. Na moyo ni vivyo hivyo. Dhana mbaya ni mchanga. Yaingia punje punje, hujui imetoka wapi, na kila unachokigusa unakikwaruza. Dawa yake ni kuuliza. Ulikosea, nami nilikosea zaidi kwa kuwa ni mtu mzima. Lakini wewe ulisema kweli pale ambapo hakuna aliyekuona. Hilo sitalisahau."

"Na mkoba wake je?" Oloo aliuliza. Akatoa ule wa zamani, ambao Mama alikuwa amekuja nao kisirisiri. Kamba ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi mnene wa magunia. "Huu hata ukibeba mawe haukatiki. Ila mawe usibebe. Mchanga wake twauogopa."

Wote wakacheka. Oloo akalifuta dele kwa kitambaa safi, akaliinua mbele ya Mbodze.

"Haya, mkaguzi. Umeona nini?"

Mbodze alisogea. Ndani ya shaba ileile iliyorudishwa kwa hasira, aliuona uso wake, na nyuma yake mamake, Mzee na Oloo, wote wamebanana katika tumbo la dele. Alitazama kwa makini, upande huu na ule.

"Hakuna mkwaruzo," alisema.