Losike Hakukaa Dukani

Asubuhi moja huko Kakuma, kaskazini mwa Kenya, Losike alijiandaa kwenda kazini. Kazi yake ni kuchanja mbuzi wa wafugaji. Mkewe, Akiru, alikuwa anapanga barafu ndani ya kisanduku cha chanjo.

"Simu yako iko wapi?" Akiru aliuliza.

"Nitaiacha dukani ichajiwe, kama kawaida. Huko ninakoenda hakuna mtandao. Nibebe jiwe la nini?"

"Na nikikutaka?"

"Panda kilima, upige kelele."

Akiru alicheka, akampa daftari lake.

Losike aliacha simu kwenye duka lenye sola. Alipanda pikipiki mpaka njia ikaisha, kisha akatembea kwa miguu. Alikaa na wafugaji siku nne. Kila mbuzi aliyechanjwa alitobolewa tundu dogo sikioni. Losike aliandika hesabu daftarini.

Aliporudi nyumbani, alikuta barua. Aliisoma polepole: "Umefutwa kazi. Unakaa dukani saa za kazi. Ulionywa mara mbili."

Barua hiyo ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya wafanyakazi wote, kwenye mkutano wa Jumatatu, yeye akiwa porini.

"Dukani?" Akiru alisema. "Basi huyu mwenye miguu iliyopasuka ni nani? Twende ofisini."

"Akiru, ngoja kwanza nioge."

"Twende hivyo hivyo, na vumbi lako. Ukinyamaza leo, kesho watasema uliiba mbuzi."

Msimamizi wa ofisi ya chanjo ya Kakuma anaitwa Awino. Si mtu mbaya. Anasimamia wafanyakazi thelathini, na wakubwa wake walioko makao makuu, Lodwar, wanataka ripoti kila wiki. Walikuwa wamempa programu ya akili unde. Hiyo ni programu ya kompyuta inayosoma habari nyingi kwa haraka na kuandika kama mtu. Programu ilifuata simu za wafanyakazi. Iliona simu ya Losike dukani siku baada ya siku. Ikaandika barua, naye Awino akatia sahihi.

"Ejok, madam," Losike alisalimu kwa Kiturkana. Hakukaa.

"Ejok, Losike. Pole sana, lakini..."

"Hapa mmeandika nilionywa mara mbili. Nani alinionya? Mtaje."

Awino alifungua faili la Losike. Hakuona onyo hata moja. Akatazama kompyuta yake.

"Labda programu..."

"Programu ilikuja kwangu?" Akiru aliuliza. "Niliipikia chai?"

"Mama, tulia."

"Situlii! Mume wako angeitwa mvivu mbele ya watu, wewe ungetulia?"

Losike aliweka daftari juu ya meza. "Mimi sitoki hapa, madam. Ondoa jina langu kwenye uongo huu kwanza."

Pembeni alikuwepo Elie, mkimbizi kutoka Kongo anayefundisha kompyuta kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma. Siku hiyo alikuwa amekuja kutengeneza printa.

"Mama Awino, naomba niseme kidogo."

"Sema, bwana Elie."

"Hii programu haikumwona Losike. Iliona simu. Simu si mtu."

"Na hayo maonyo mawili yametoka wapi?" Awino aliuliza.

"Imeyabuni. Imesoma barua nyingi za kufuta watu kazi, na nyingi zinataja maonyo. Basi na yenyewe ikaweka. Inajua maneno gani huwa yanafuatana. Haijui kilichotokea Kakuma."

"Kwa hiyo imenidanganya."

"Hapana, mama. Sahihi ni ya nani?"

Awino aliivuta barua, akaitazama sahihi yake.

"Na kitu kingine," Elie aliendelea. "Mliwaambia watu kwamba mnafuata simu zao?"

"Hatukuwaambia."

"Mimi nilikimbia kwetu. Mtu akinifuata kimyakimya, ninaogopa. Waambieni mnatazama nini, na kwa nini. Na programu ikimtaja mtu kwa ubaya, mwulizeni mwenyewe kwanza. Kisha nendeni mkaone."

"Sawa," Awino alisema. "Losike, kesho nipeleke kwa hao wafugaji."

Kesho yake walikwenda pamoja. Mtandao ulikatika. Njia nayo ikaisha. Kiatu cha Awino kikakatika.

"Karibu dukani kwangu, madam," Losike alisema.

Walipofika, mwanamke mmoja mfugaji aliwakusanya mbuzi wake. "Hesabu mwenyewe," alimwambia Awino. Awino alishika sikio moja baada ya jingine mpaka mikono ikamuuma. Daftari lilisema mbuzi themanini na sita. Yeye alipata themanini na watatu.

"Watatu wako wapi?"

"Wawili wamekwenda kwenye mahari ya kaka yangu. Mmoja tulimla jana," mwanamke alijibu. "Unataka kuona mifupa?"

Awino aliona ya kutosha. Alisafiri hadi Lodwar, akaingia kwa mkurugenzi wake, Cornelius.

"Nimekuja kufuta barua ya Losike," alisema.

"Awino, ile programu haina upendeleo. Haina ndugu wala rafiki."

"Haina miguu pia, bwana Cornelius. Haijafika kule. Mimi nimefika, na mbuzi nimewashika masikio."

"Tukianza kumuuliza kila mtu, kazi itaisha lini?"

"Mimi nilitia sahihi uongo. Sitatia tena. Ukitaka barua ibaki, tia sahihi yako, kisha uje Kakuma uisome mbele ya mke wa Losike."

Cornelius aliisoma barua upya. Kidole chake kilisimama kwenye yale maonyo.

"Hapa nani alimwonya?"

"Hakuna."

Cornelius alichukua kalamu, akachora mstari juu ya barua yote. Kisha wawili hao waliandika utaratibu mpya, kwa Kiswahili, ili kila mfanyakazi ausome. Programu itasaidia kupanga ripoti. Haitamhukumu mtu. Atakayetia sahihi atakagua kila neno, na yeye ndiye atakayejibu likiwa na kosa.

Awino alipomletea Losike habari, Losike hakuruka kwa furaha.

"Kwetu ukimkosea mtu, unalipa mbuzi."

"Nikuletee mbuzi?"

"Mbuzi nimewachoka! Nataka usimame mbele ya watu walewale."

Jumatatu Awino alisimama. "Losike hakukosa," alisema. "Niliyekosa ni mimi." Akiru alikuwa dirishani, nje. Alisikia kila neno.

Mwezi uliofuata, programu ilimtaja Nyariek, mtunza chanjo wa Kalobeyei. Ilisema kazi yake imeshuka kwa nusu. Ilishauri aondolewe. Awino alimpigia simu.

"Nyariek, kuna shida gani huko?"

"Friji imekufa wiki mbili, madam! Kila siku ninatafuta barafu kwa majirani. Niliripoti, hakuna aliyejibu."

Fundi alifika kesho yake. Jioni Cornelius alipiga simu kutoka Lodwar.

"Awino, programu imesemaje juu ya Nyariek?"

"Imesema aondolewe kazini."

"Na wewe unasemaje?"

"Nilisema friji itengenezwe. Imeshatengenezwa."