Lampe za Mwisho za Mzee Aruna

Siku ya Igihozo ilianza na bidoni, dumu la maji. Kabla ya kwenda shule alipanga foleni bombani, akajaza bidoni lake la njano, akalibeba mgongoni juu ya mawe meusi ya volkano mpaka kwao Mugunga, pembeni mwa mji wa Goma, kwenye nyumba ya mbao ambayo upepo uliingia bila kupiga hodi. Akitoka shule aliosha vyombo, kisha akamsaidia mama yake, Mukamazimpaka, kupanga makaa ya kuuza kando ya barabara ya Sake. Kazi zikiisha, ndipo ilipofika saa aliyoipenda kuliko zote, saa ya kukaa karibu na baba yake na kumsikiliza akipiga gitaa.

Baba yake aliitwa Habarurema, lakini mtaani wote walimwita Papa Igihozo. Kule Kiwanja, mji walikotoka, harusi bila gitaa lake haikuwa harusi. Angalau ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Walipokimbia vita, mama alibeba nguo na sufuria. Baba alibeba gitaa mgongoni, akapakiwa kwenye pikipiki na ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti, akaikumbatia njia nzima.

"Miye niliolewa na mwanaume," mama alizoea kumtania, "kumbe yeye alishaoa ampli."

Ampli hiyo ilikuwa ya lampe, yaani ile ya zamani yenye vioo vidogo ndani ambavyo huwaka polepole kabla ya sauti kutoka. Ilikuwa nzito, imechubuka pembe zote, na baba aliipangusa kila asubuhi. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake, hata kikombe kitupu.

Tangu wafike Goma, hakuna aliyemwita harusini. Pesa zilikuwa zimekauka mjini, na waliooana walioana kimyakimya. Kisha mwenye ukumbi mmoja wa Ndosho akamwita apige Jumamosi kwenye harusi ya binti yake. "Ukinifurahisha," alimwambia, "kila wiki utakuwa unapiga hapa." Baba alirudi nyumbani akiimba. Kazi ya kila wiki! Mama aliketi juu ya gunia la makaa, akalia kidogo kwa furaha.

Munguakonkwa, mpiga besi na rafiki wa baba, alimwazima pedali yake ili mambo yawe mazuri zaidi. Pedali hiyo ilikuwa kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, na ndani yake mlikuwa na sauti nyingi za kulipamba gitaa: mwangwi, mtetemo, hata sauti kama ya kanisa kubwa. Lakini baba alipoiunganisha mbele ya ampli, sauti ilitoka imevurugika. Mzee Aruna, fundi wa redio na ampli kule Birere, alimshauri aipitishe nyuma.

"Angalia, mutoto wangu," baba alimwambia Igihozo, aliyekuwa akimmulikia kwa tochi ya simu. "Hapa nyuma kuko matundu mbili. Kwa hii, sauti inatoka. Inaenda mu pedali, inapata mwangwi, halafu inarudi kwa hii ingine. Ampli inaikamata tena na kuipatia nguvu."

"Juu ya nini haipite mbele, Papa?" Igihozo alitaka kujua sababu.

"Juu kule mbele ampli inakamua sauti mpaka inakuwa nzito. Ukitanguliza mwangwi, na mwangwi nayo inakamuliwa. Njo maana inakuwa potopoto."

Kwa mpango huo zilihitajika nyaya tatu, nao walikuwa na mbili tu. Baba alikwenda Birere kutafuta wa tatu. "Usiguse kitu mpaka nirudi," aliagiza.

Alasiri hiyo Fabiola, aliyesoma darasa moja na Igihozo, alikuja kutembea. Igihozo alikuwa amejigamba shuleni juu ya pedali mpaka wenzake wakachoka. Walipokuwa wakiongea, balbu ya nyumba ikawaka ghafla, na watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele za furaha. Mugunga umeme ukija, hujui utakaa muda gani wala utarudi lini.

"Ngoja Papa yako," Fabiola alisema.

"Papa akifika, courant itakuwa imeshaenda. Nakuonyesha kidogo tu."

Igihozo aliunganisha gitaa na ampli kwa waya wa kwanza. Wa pili akautoa kwenye tundu la kutolea sauti hadi kwenye pedali. Sasa akakosa wa kuirudisha sauti. Akatazama nyuma ya ampli, akaona waya mfupi mweusi ulioiunganisha na sanduku la spika. Ncha zake zilifanana kabisa na za nyaya zile nyingine. Akauchomoa, akautumia huo.

Baba alikuwa amemweleza safari ya sauti, lakini hakuwa amefika kwenye waya huo. Hakumwambia kwamba ampli ya lampe haipigwi kamwe bila spika, kwa sababu nguvu yake ikikosa pa kutokea hugeuka na kuichoma yenyewe kutoka ndani.

Lampe ziliwaka. Igihozo akapiga nyuzi. Kimya. Akaongeza sauti, akapiga tena. Kimya. Akazungusha kitufe mpaka mwisho, akapiga kwa nguvu zake zote. Ndani ya ampli kukasikika ta! ta! ta! Cheche ya buluu ikaruka, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na lampe zote zikazimika.

Igihozo aliizima ampli haraka. Akarudisha kila waya mahali pake, akafungua mlango harufu itoke. "Fabiola, haukuona kitu," alisema. Fabiola alimtazama kwa huruma, akaondoka.

Baba alirudi na waya wa tatu, ameuvaa shingoni kama bwana harusi mwenyewe. Akaunganisha, akawasha. Balbu ya nyumba ilikuwa bado inawaka, lakini ampli haikuitika.

"Nini iko hapa?"

"Ni courant, Papa," Igihozo alisema, macho yake chini. "Ilikuya na nguvu mingi."

Alikuwa amechagua uongo unaoaminika. Umeme ulikuwa umeiua friji ya Mama Fabiola wiki hiyohiyo, na kila mtu aliupigia kelele. Baba aliketi juu ya bidoni, akachukua kitambaa chake, akaipangusa ampli. Hakugombeza mtu. Igihozo angependa agombeze.

Kesho yake waliipakia ampli na pedali juu ya chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, wakaenda Birere. Kibanda cha Mzee Aruna kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mzee mwenyewe, mtu wa asili ya Maniema mwenye kofia nyeupe na maneno mengi, aliwapokea kwa utani.

"Papa Igihozo, umeniletea mugonjwa ao maiti?"

"Courant, muzee. Na harusi ni Jumamosi."

Mzee Aruna akamgeukia Igihozo. "We njo ulikuwa pa nyumba? Spika ilikuwa imechomekwa?"

Hapo ndipo pa kusema. "Ndiyo, muzee," Igihozo alijibu.

"Bon. Kama ni courant, hata hii pedali imekufa. Iweke pembeni, usiichomeke fasi yoyote, inaweza kuleta moto." Kisha akachomoa soksi nzito kutoka chini ya meza, na ndani ya soksi akatoa lampe mbili zinazong'aa. "Za mwisho. Nilizificha myaka mingi. Siku hizi ndege haitue, nani ataniletea zingine? Lakini rafiki yangu hatakosa harusi juu ya lampe."

Baba alimshukuru kwa mikono miwili. Igihozo alitamani ardhi ipasuke. Sema, alijiambia, sema kabla hajawasha. Mzee Aruna alibadilisha fyuzi, akatoa lampe zilizoungua, akazichomeka zake kwa uangalifu, akawasha.

Zilianza na rangi ya machungwa. Kisha zikawa nyekundu, nyekundu zaidi, mpaka chuma cha ndani kikang'aa kama makaa. Mzee alirukia swichi, lakini alichelewa. Kioo kimoja kilipasuka, na cha pili kikajaa weupe, nacho kikafa.

"Haiko courant hii," Mzee Aruna alisema polepole. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Ni transfoma. Inakufa hivi kama mutu amepiga ampli bila spika."

Baba alimwangalia binti yake. Igihozo akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema yote: Fabiola, waya mfupi mweusi, cheche, uongo.

Mzee Aruna hakumfokea. Alikwenda nyuma ya kibanda, akarudi na chuma kizito kilichojaa vumbi, akakiweka mezani.

"Unaona hii? Ni transfoma ya ampli ingine ilikufa zamani. Inaingia sawasawa mu ampli yenu. Kama ungeniambia, ningepima kwanza, ningeweka hii, halafu zile lampe zingewaka mpaka weye uzeeke." Akazifunga lampe zilizokufa ndani ya soksi, sijui kwa nini. "Sasa transfoma iko. Lampe hakuna."

"Na mu Goma yote?" baba aliuliza.

"Hakuna fasi utazipata, ndugu yangu."

Basi. Jambo moja tu liliokoka siku hiyo. Kwa kuwa umeme haukuwa na hatia, Mzee Aruna aliichomeka pedali, nayo ikawaka nzima kabisa. Akamwonyesha baba jinsi ya kuiunganisha moja kwa moja na spika za ukumbini, bila ampli.

Jumamosi baba alipiga hivyo. Harusi haikukosa gitaa, na kwa hilo walishukuru. Lakini sauti ilikuwa nyembamba na baridi, na Igihozo, aliyeketi karibu na ukuta, aliona vizuri jinsi watu walivyocheza wimbo mmoja mmoja na kurudi kwenye viti. Mwenye ukumbi alimpa baba mkono kwa heshima. "Tutakuita," alisema. Goma nzima inajua maana ya tutakuita.

Jua lilikuwa bado juu walipofika mtaani kwao. Mama Fabiola alikuwa mlangoni na binti yake. "Papa Igihozo, pole ya ampli! Hii courant itatumaliza shiye wote!"

Baba alifungua mdomo, lakini Igihozo alimtangulia. "Haiko courant, mama. Ni miye niliiunguza, halafu nikasema uwongo."

Fabiola akashusha pumzi kama aliyetua bidoni zito.

Nyumbani, baba aliegemeza gitaa ukutani.

"Papa, uko na kasirani?"

"Mingi sana," baba alisema, na kweli ilionekana. "Kupiga bila spika, ile ni kosa ya kutojua, na miye niko na sehemu yangu, juu sikukuonyesha. Kuogopa, kila mutu anaogopa. Lakini ukiharibu kitu, Igihozo, sema mapema, wakati iko bado na dawa. Ukinyamaza, ule anakuya kukusaidia anapoteza hata kile alikuwa nacho. Muzee Aruna alitupatia lampe zake na roho safi, na shiye tukamupatia uwongo."

"Nimeelewa, Papa."

"Ni vizuri." Akainama, akaanza kuvua viatu.

Mama aliipua sufuria ya maharage. Meza ilikuwa imejaa vyombo, naye bila kufikiri akaiweka sufuria juu ya ampli. Kisha akashtuka, akamtazama mumewe, akingoja apige kelele. Baba aliendelea kuvua viatu vyake.

Igihozo aliinuka, akaitoa sufuria, akaiweka chini. Juu ya ampli palibaki duara la masizi. Alichukua kitambaa cha baba, akalifuta, akalifuta tena, lakini halikutoka lote.