Nilimwambia Hakuna Anayesikia

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na ninaishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret. Nawaandikia wasomaji wenzangu kwa sababu nimechoka kuonekana mtu mzuri... Mimi si mtu mzuri!

Kwa miaka tisa nilikuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya kuuza trekta na plau mjini. Kila simu ilipitia mikononi mwangu. Swichibodi yetu ilikuwa ya zamani, ya kuchomeka nyaya, na nikishaunganisha watu wawili ningeweza kubaki kwenye laini nikiwasikiliza. Na nilibaki! Wanasema sikio halilali na njaa. Langu lilikuwa lafi. Nilijua nani anaposa, nani anaugua, nani amegombana na mkewe. Mshahara wangu ulikuwa mdogo na kiti changu kilikuwa nyuma ya mlango, lakini hakuna aliyejua mambo ya ofisi ile kunishinda.

Basi siri zikavuja, wafanyakazi wakalalamika, na meneja akaamua kununua swichibodi mpya. Akanikabidhi karatasi za kampuni tatu. "Mama Linet, wewe ndiye unajua hii kazi," aliniambia. "Linganisha, halafu uniambie tununue gani. Mimi nitasaini tu."

Nililinganisha wiki nzima. Ile ya watu wa Nairobi ilikuwa hodari wa kuzuia: bila ufunguo, hakuna ambaye angepiga simu ya mbali. Ila ikiharibika, fundi ni wa kusubiriwa siku nne. Ya Kisumu nguvu yake ilikuwa fundi, maana alikuwa na duka hapa hapa mjini, lakini opereta angeweza bado kusikiliza laini yoyote. Ya Nakuru ndiyo iliyonitisha. Ilizuia simu za mbali, fundi wake angefika siku hiyo hiyo, na opereta akishaunganisha watu, laini inajifunga. Hasikii tena kitu!

Mtoto wa darasa la nne angechagua ile ya Nakuru. Mimi niliandika kwamba haifai, eti laini ikikatika opereta hatajua. Ya Kisumu nikaisifu mpaka nikaishiwa maneno. Meneja akasaini bila kuniuliza swali. Mnaona nilivyoaminiwa?

Rafiki yangu mkubwa pale kazini alikuwa mpiga taipu, nitamwita Jerotich, mama wa watoto watatu. Mumewe alikuwa akimpiga. Nilijua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka poda kule chooni asubuhi kabla meneja hajafika. Swichibodi mpya ilipofungwa, alikuja akaniuliza polepole, "Mama Linet, na hii mpya, mtu anaweza kusikia?"

Ningesema ndiyo. Neno moja tu! Lakini angeniuliza nani aliyeichagua, na ningejibu nini? "Hapana," nikamwambia. "Hii inajifunga yenyewe. Wewe ongea tu, usiogope."

Kesho yake akampigia kaka yake, mwalimu kule Kitale. Nilibaki kwenye laini... Alikuwa analia. Wakapanga kwamba Ijumaa, mumewe akiwa kazini, atawachukua watoto shuleni saa nne, na kaka atawapokea Kitale. Nilisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakanitoka. Msidhani sikumhurumia!

Lakini siri ikikaa kifuani mwangu huwa inaniwasha. Tukiwa tunakula nilimwambia mume wangu. Mume wangu tu, tena nikamwapisha! Yeye na mume wa Jerotich wanaimba kwaya moja, na aliona si vizuri mwanamume mwenzake akimbiwe na familia bila habari. Ijumaa, saa nne, Jerotich alimkuta mumewe amesimama kwenye lango la shule.

Siwezi kuandika yote. Taya lake lilivunjika, na jicho la kushoto halikupona. Nilienda kumwona hospitalini na chupa ya uji. Kwa kuwa hakuweza kusema, aliniandikia kwenye karatasi: "Ni kaka yangu. Ni yeye tu alijua." Nilisoma, nikaikunja ile karatasi, nikamnywesha uji.

Kaka yake alikuja mara mbili kutoka Kitale. Mara zote mbili Jerotich aligeukia ukuta. Alipotoka hospitali alirudi kwa yule mume, maana hakuona tena mahali pengine pa kwenda. Na mpaka leo, mimi ananiita dada!

Niliacha kazi mwezi uliopita. Ndugu msomaji, ukipewa mlango wa wenzako uulinde, usijiachie ufa wa kuchungulia. Na ukisikia mtu akipanga kuokoa maisha yake, neno hilo lifie tumboni mwako. Usimwambie hata unayelala naye.

Jerotich, hilo si jina lako, lakini utajijua. Gazeti hili tulikuwa tukilisoma pamoja saa ya chai. Kaka yako hakusema kitu. Ni mimi.

Uliniuliza kama mtu anaweza kusikia. Ndiyo, anaweza. Usimpigie kutoka ofisini. Nenda kwenye kibanda cha simu pale posta, umpigie kaka yako, na akikuambia njoo, nenda.