Ufunguo wa Pili

Jamani, sogeeni mnisikilize, ingawa kisa chenyewe hakina utamu.

Msimamizi mmoja wa kiwanda cha mikate alikunywa chai asubuhi na binti yake, kitinda mimba wake, aliyekuwa na wiki moja tu kazini kiwandani hapo hapo. Walitaniana, binti akamcheka baba kwa kuunguza ulimi, kisha wakatoka pamoja.

Wafanyakazi walimwita baba huyo Njia ya Mkato, naye jina alilipenda. Kwake yeye foleni ilikuwa ya wajinga na taa nyekundu ilikuwa ya waoga.

Kiwandani palikuwa na sheria moja isiyochezewa. Anayeingia ndani ya mashine ya kukandia unga kuisafisha huifunga swichi kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Ufunguo ni huo mmoja tu, hata mwenye kiwanda hana wa kwake. Lakini watu walikuwa wakimaliza kusafisha, wakisahau kuondoa kufuli na kwenda zao kula, na Njia ya Mkato hakuwa mtu wa kusubiri. Akachongesha ufunguo wa pili kimya kimya.

Fundi mitambo akaugundua.

"Bosi, utupe huo. Utaua mtu."

"We fundi, kufuli nalo unaliogopa? Si utaogopa na kivuli chako!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akanyamaza, na hilo nalo lilikuwa kosa.

Siku ile oda ilikuwa imechelewa. Msimamizi akakuta swichi imefungwa. "Nani yumo?" aliita mara moja, huku oveni zikinguruma. Hakungoja jibu. "Wamesahau tena hawa!" Akatoa ufunguo wake, akafungua, akawasha.

Mashine ilizunguka mara mbili, ikakwama. Ukatoka ukelele, na baba akaitambua sauti.

Walipomtoa binti alikuwa bado anapumua.

"Baba, nilifunga," alisema. "Nilifunga kama walivyonifundisha."

Alikata roho kabla ya kufika hospitali. Muuguzi alimkabidhi baba vitu vyake: hereni, kitambaa cha kichwa, na ufunguo wa kufuli uliokuwa mfukoni.

Nyumbani, mama aliuliza jambo moja tu. "Nani alifungua?"

"Mimi, mke wangu."

"Basi mwanangu humziki wewe."

Na kweli hakumzika. Polisi walimchukua jioni ile ile, na kaburi la mwanawe hadi leo hajaliona.

FUNZO

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sheria huonekana upuuzi siku ambazo hakuna aliyeumia, lakini iliwekwa kwa sababu mtu aliwahi kuumia. Ukiivunja, hujui nani yumo ndani. Binti yule aliitii sheria yote, akafa kwa uvunjaji wa baba yake. Nawe uliyecheka fundi alipoonya, usijifanye hukuwepo.