Kopo la Murithi

Kila asubuhi, lango la kijiji lilipofunguliwa, Gacheri alionyesha pasi yake, kibali cha kutoka, akaenda mjini Meru. Shule yao ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Hali ya Hatari, amri za wakoloni za kupambana na wapiganaji wa Mau Mau wa msituni, kwa hiyo msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliosha vioo vya maabara hospitalini. Bwana Idrisi, msaidizi wa maabara, alikuwa akichunguza ugonjwa wa kuhara damu uliowaua watoto katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Alikitazama choo cha wagonjwa kwa hadubini, akimtafuta amiba, kijidudu chenye seli moja tu, kinachoonekana vizuri choo kikiwa bado na joto.

Siku moja Murithi, mdogo wake Gacheri, naye akaanza kuhara damu. Mama yao, Ciakuthii, alitia choo chake katika kopo, akalifunga kwa kitambaa.

"Kimbia, mwanangu, kabla hakijapoa."

Langoni alisimama Ndambiri, homgadi, mlinzi wa serikali mwenye bunduki.

"Umeficha nini humo? Risasi za watu wa msituni?"

"Ni choo cha mdogo wangu, mzee. Kinakwenda kupimwa."

"Siku hizi choo nacho kinasafiri? Kina pasi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ndambiri akalifungua kopo, akakunja uso, akayamwaga yaliyomo handakini. "Nenda zako! Ukirudi ndani, leo hutoki tena."

Gacheri alilia njia nzima. Angesema nini? Aliyemshtaki homgadi aliweza kuitwa Mau Mau, na nyumba yake ikachomwa. Alipofika hospitalini aliingia chooni, akatia choo chake mwenyewe ndani ya kopo lile.

Bwana Idrisi alitazama kwa muda mrefu. "Alhamdulillahi! Hamna amiba hata mmoja. Mama ampe uji mwepesi, tumbo litatulia."

Halikutulia. Macho ya Murithi yalizama, midomo ikapasuka, hata machozi yakamwishia.

"Hospitali imesema hana kitu," mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Basi nimpeleke wapi tena?"

Gacheri akapiga magoti kando ya kitanda. "Ee Mungu, mponye Murithi." Angemwombaje Mungu dawa, huku yeye mwenyewe amekalia ukweli ambao ungeileta?

Lango lilipofunguliwa tu, alikimbia mpaka maabara. "Bwana Idrisi, kile choo kilikuwa changu." Akaeleza yote.

Bwana Idrisi akaketi. "Binti! Nami nimesema mtoto ni mzima! Yu hai?"

"Nilimwacha akipumua."

"Mlete mtoto mwenyewe hapa, pamoja na mama yako. Daktari atawaandikia ruhusa. Sitamtaja homgadi yeyote."

Ndambiri aliisoma ruhusa ile, kisha akauona uso wa mtoto mgongoni mwa mama. Safari hii hakucheka. "Wapisheni," aliwaambia wenzake, akatazama pembeni.

Maabarani, Bwana Idrisi alimwita Gacheri atazame. Kitu cheupe kilijivuta polepole chini ya kioo, ndani kimejaa seli nyekundu za damu.

"Huyo ndiye amiba. Hiyo anayokula ni damu ya ndugu yako."

Daktari akamdunga Murithi sindano. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama angepona. Mama hakubanduka kando ya kitanda, Gacheri hakuacha kuomba. Kisha asubuhi moja Murithi akalia kwa sauti, akitaka chakula. Wauguzi wote wakageuka, na mama akasujudu sakafuni.

"Ulikuwa na sababu ya kuogopa, mwanangu," Bwana Idrisi alimwambia Gacheri baadaye. "Mimi pia naogopa bunduki. Lakini ungesema tu, 'Kimemwagika,' tungetafuta kingine. Hadubini haina huruma wala hasira; hukuza kile tunachoiwekea. Siku ile tuliiwekea uongo, ikaukuza, nami nikausoma kama kweli. Usiponiambia ukweli, mikono yangu hii inaweza kumwua mgonjwa bila kumgusa."