Kasoro za Ndege ya Ruben

Juma la mwisho kabla ya Noeli, katikati ya Lubumbashi hapakuwa na pa kutia mguu. Mvua ilikuwa imekatika, lami inafuka mvuke, na wauza vitu vya watoto walikuwa wamepanga meza zao karibu na Posta. Hapo ndipo aliposimama Wivine, gauni la kitenge cha kijani limemkaa sawasawa, kitambaa cha manjano kichwani, akipindapinda roboti ya plastiki inayogeuka ndege ya vita.

"Papa, hii ndeke yako iko na shida," alimwambia muuzaji. "Angalia. Imekuwa ndeke, lakini mikono ya roboti inaning'inia ku tumbo kama nguo ku kamba. Bawa inaomba nguvu ya muntu mukubwa. Na ukiigeuza roboti tena, haisimame. Inaanguka kwa kisogo."

"Mama, ni jouet tu, ya kucheza!"

"Njo vile, ni jouet! Mutoto atacheza na nini kingine?"

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe mikono imekunjwa, miwani imeteleza hadi katikati ya pua.

"Pardon, mama. Umeichinja ile ndeke bila huruma."

"Siko mama yako. Naitwa Wivine."

"Miye Ruben. Niko na ndeke yangu ku nyumba, nilitengeneza mwenyewe. Sasa naogopa kukuonyesha."

Wivine alimtazama toka viatu hadi miwani. "Banaume ba huku! Bengine banasema beko na gari. Weye uko na ndeke."

Lakini namba ya simu alimpa.

Wivine alikuwa kiné, mtaalamu wa kuzoeza viungo, kwenye kituo kimoja cha watoto. Vitu vya kuchezea ndivyo vilivyokuwa dawa yake: mtoto mwenye vidole vilivyolegea humfanyi akunje mkono kwa kumwamrisha, unampa kitu anachotamani kukigeuza. Ruben naye alichora mabomba katika ofisi ya kampuni ya migodi, na akitoka kazini alichora ndege yake. Simu zikaanza.

"Allô, chérie, umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Bado. Nilikuwa nawaza kiuno ya roboti."

"Kiuno ya roboti! Na yangu je?"

"Yako haiko na kasoro hata moja."

Wivine alicheka hadi wenzake kazini wakageuka.

Siku Ruben alipompeleka Wivine kwao, mtaa wa Kamalondo, mama yake, Mama Mado, aliwakaribisha sebuleni, akasimama mlangoni akitabasamu. Ruben aliweka ndege mezani. Ilikuwa ya buluu, pua ndefu, mikono ya roboti imejificha chini ya mabawa isionekane kabisa. Ukivuta pua, kichwa kinachomoza chenyewe. Wivine aliigeuza taratibu, kwa furaha. Kisha kidole gumba chake kikapapasa kiuno. Pini moja tu, nyembamba kama njiti ya kiberiti, ilibeba bawa na mguu kwa pamoja. Plastiki ilikuwa imeanza kuwa nyeupe pale, dalili kwamba imechoka.

Aliinua macho aseme. Ruben alikuwa anamtazama midomo kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Marehemu baba yake, fundi wa reli, alikuwa ameanza naye kuichora, akafa kabla ya kuiona.

"Iko muzuri," Wivine alisema. "Iko muzuri sana, Ruben."

"Hakuna kasoro?"

"Hakuna."

Ruben alimkumbatia mbele ya mama yake, na Wivine akairudisha ndege mezani.

Mwezi wa kwanza, mfanyabiashara mmoja, Papa Lucien, alikubali kuiona ndege hiyo dukani kwake; ikimpendeza, angeagiza nyingi zitengenezwe. Ruben alivaa suti, Wivine akamfunga tai. Papa Lucien hakuigusa. Alimpa mjukuu wake, Abigaïl. Mtoto aliigeuza, akacheka, akaigeuza tena. Kak! Bawa na mguu vikabaki mkononi mwake, akaanza kulia.

"Haiko kosa yako, mutoto," Ruben alimwambia, akiokota vipande.

"Urudi ikiwa na nguvu, kijana," Papa Lucien alisema kwa upole.

Walipotoka nje, Wivine alimshika mkono. "Usivunjike roho. Ni ile pini tu, inabeba bawa na..."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka.

"Ulijua?" Ruben aliuliza.

"Ruben..."

"Nilikuuliza mbele ya mama. Bantu bote banaweza kunisifu, Wivine. Weye njo nilitaka uniambie kweli."

Alimwachia mkono, akaondoka na vipande vyake, akamwacha barabarani.

Simu ikanyamaza. Wivine alipiga, haikupokelewa. Alilia, kisha akakasirika, kisha akalia tena. Mwishowe alikaa kitandani, akamrekodia sauti.

"Ruben, ni miye. Kiuno: tenganisha bawa na mguu, kila kimoja kikuwe na pini yake, tena nene. Pua iko kali, itachoma mutoto jicho. Magurudumu ya mbele yanachomoka, mudogo atayameza. Nilipashwa kukuambia yote. Ku kazi nasema kweli na bazazi ba batoto, hata yenye kuuma. Kwako niliogopa. Nilikuona unafurahi, nikataka ubakie vile. Njo kosa yangu. Basi."

Siku zilipita bila jibu. Ndipo adhuhuri moja, mvua ikinyesha, Ruben alitokea mlangoni mwa kituo, amelowa hadi miwani, mfuko wa vipande vya buluu kifuani.

"Sijaiunga," alisema. "Nimetaka uione mbele niiunge."

Wivine hakujua acheke au alie. Alimpa taulo.

"Nilisikiliza vocal yako mpaka mama akaijua kwa kichwa. Akasema, huyu mwanamuke anakupenda mpaka ku gurudumu." Alifuta miwani, akaivaa. "Nilikuacha pa barabara peke yako. Ile haikuwa tabia ya mwanaume. Unisamehe."

"Na weye unisamehe."

Walikaa kwenye mkeka wa mazoezi, wakapanga vipande. Pini zilikuwa nene sasa, pua imefanywa butu. Wivine alikuta bawa moja linakwaruza, akasema; Ruben akaitikia kwa kichwa.

"Natafuta muntu wa kuniambia kweli kila siku," alisema bila kuinua macho. "Ku nyumba."

"Ni kazi unanipa?"

"Ni ndoa, Wivine. Nikuje na bajomba kwa papa yako?"

Wivine aliweka chini kipande cha buluu. Kisha akachukua simu, akabonyeza namba ya nyumbani.

"Allô, mama? Siku ya Mungu, mukitoka ku kanisa, upike ya kutosha. Kuko muntu atakuja kuona papa."

Kigelegele kilichotoka kwenye simu kiliwafikia hata watoto waliokuwa wanangoja zamu yao, nao wakaanza kupiga makofi bila kujua ni kwa nini.